Fuvu kwenye chapa za Uholanzi si uchawi

Kila nikiweka mezani chapa (picha iliyopigwa kwa bamba lililochongwa) ya msanii wa Uholanzi Hendrick Goltzius, ya mwaka 1594, lazima mwanafunzi mmoja asogee nyuma aulize, "Mwalimu, hii si ya kishetani?" Nimechoka. Kisa ni fuvu tu!

Hebu tuitazame. Mtoto yuko uchi, ameegemea fuvu, anapuliza mapovu ya sabuni. Kando yake kuna ua na chombo kinachofuka moshi. Maneno ya Kilatini yanauliza: Quis evadet? Nani atanusurika? Beti za chini zinajibu kwamba ua hunyauka ghafla, na uhai wa mtu, hata aliyezaliwa sasa hivi, hutoweka kama povu na mvuke. Uchawi uko wapi? Haya ni mawaidha, sawa na yale tunayoyasikia makaburini kila tunapozika. Fuvu halimwiti shetani, linamkumbusha anayelitazama kwamba naye yumo safarini.

Ndiyo maana nasisitiza: anza na maandishi, fuvu liache mwisho. Anayeanza na fuvu hamwoni mtoto, na mtoto ndiye habari yenyewe.

Halafu kuna wanaosema, "Si nakala tu hii?" Sivyo. Mistari ilichongwa kwenye bamba la shaba, wino ukajazwa ndani ya mifereji, uso ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine. Herufi zote zilichongwa kinyumenyume. Chukua lenzi uone mstari mmoja unavyonenepa na kukonda mpaka fuvu linakuwa la mviringo. Goltzius aliyafanya hayo kwa mkono wa kulia ulioungua utotoni ukabaki na kilema.

Wengine humwona kijana mwenye fuvu katika chapa ya msanii mwingine wa Uholanzi, Lucas van Leyden, wakadhani ni Hamlet, yule mhusika wa tamthilia ya Shakespeare anayeshika fuvu. Siye. Chapa hiyo ni ya mwaka 1519 hivi. Shakespeare alizaliwa 1564.

Wala picha hizi hazikuwalenga wazee. Kijana huyo wa Lucas amevaa kofia yenye manyoya marefu ya ndege, ana ujana wote usoni, na kidole chake kinaelekeza kwenye fuvu alilolificha nusu ndani ya joho. Rembrandt naye, msanii mwingine wa Uholanzi, mwaka 1639, aliwachora mume na mke waliovalia vizuri wamesimama mbele ya kaburi lililo wazi. Kiunzi cha mifupa kinachomoza humo na saa ya mchanga mkononi. Mke ameshika ua.