Utumbo Unapojiingiza: Kazi ya Mzazi Aliyelazwa na Mtoto

Mtoto mwenye tatizo la utumbo kujiingiza halii mfululizo. Hulia ghafla kwa nguvu, akakunja magoti na uso ukasawajika, kisha baada ya dakika chache hunyamaza, pengine hata akacheza. Dakika 15 au 20 baadaye maumivu hurudi. Utulivu huo wa katikati ndio unaowaponza wazazi wengi: hudhani gesi imetoka, wakarudi kulala.

Kinachotokea ni kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata, mfano wa mkono wa shati uliosukumwa kwa ndani. Mishipa ya damu hubanwa, na sehemu iliyobanwa ikikaa muda mrefu bila damu hufa. Wengi wanaopatwa ni wa umri wa miezi 3 hadi miaka 3. Msisubiri kuona damu na kamasi kwenye nepi, kwani mara nyingi huja tatizo likiwa limekwenda mbali. Matapishi ya kijani, au mtoto kulegea na kutochangamka, ni dharura hata kama halii.

Hospitalini, utrasaundi huthibitisha. Kama hakuna dalili kwamba utumbo umetoboka, madaktari huingiza hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa, kwa shinikizo linalopimwa, ili kuusukuma utumbo urudi mahali pake. Wengi hupona hivyo. Isipowezekana, hufanyiwa upasuaji.

Lakini wazazi hawasumbuliwi sana na vipimo. Kinachowatesa ni kuambiwa mtoto asipewe chochote mdomoni, hata titi. Njia imeziba, na tumbo likiwa na kitu wakati wa dawa ya usingizi, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Dripu ndiyo inayompa maji. Nawasihi: hata kijiko kimoja cha maji, kikitolewa kwa huruma na ndugu aliyekuja kumwona mgonjwa, kinaweza kuahirisha upasuaji ambao hauna nafasi ya kuahirishwa. Ikiwa bahati mbaya amekwisha kupewa, semeni mara moja, hakuna atakayewagombeza. Harufu ya maziwa ikimzidishia kilio, baba au shangazi ambebe. Mama, endelea kukamua maziwa kila baada ya saa tatu hivi, yasije yakapungua.

Wakati wa kuchomwa sindano ya dripu, waachie wauguzi kazi ya kumshika mkono. Wewe kaa aone uso wako, umwimbie. Ukimwambia "haiumi", na ikauma, sindano inayofuata itakuwa ngumu zaidi. Mwambie: "Itauma kidogo, nipo hapa." Halafu uliza bila kuona haya: amepewa dawa ya maumivu saa ngapi? Wewe ndiye unayekijua kilio chake cha kawaida, na ukisema hiki si chenyewe, wodi inapaswa kukusikiliza.

Baada ya kurekebishwa kwa hewa au maji, tatizo hurudi kwa takriban mtoto 1 kati ya 10, na huweza kurudi ndani ya siku chache za mwanzo. Mkiona dalili zilezile, rudini saa hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Nyumbani huenda akang'ang'ania kubebwa, akashtuka usiku, akaogopa kila aliyevaa nguo nyeupe. Msimkaripie wala msimwite mdekaji. Mbebeni. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki kadhaa bila kupungua, mwelezeni daktari.