Aliyelipa deni hajanunua tena: mauzo ya mkopo yanaandikwa lini

Mauzo kwa mkopo ni pale mzigo unapotoka kwako leo, hela inakuja baadaye. Manunuzi kwa mkopo ni kinyume chake, mzigo umeshaingia kwako ila mwenyewe hujamlipa. Uliyemuuzia ni mdaiwa wako, uliyechukua kwake ni mdai wako. Maana ndo hiyo, imeisha, na Mwanza tunaifanya kila siku kuanzia maduka ya Makoroboi mpaka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, tunaita mali kauli na hamna anayeshangaa.

Shida inaanza kwenye kuandika. Unamuuliza mtu umeuza shilingi ngapi mwezi huu anakwambia "hizi gunia kumi za dagaa usihesabu, hizi sijauza, nimekopesha tu." Umeuza! Mzigo haupo, mwenzio ameshaupandisha gari anaupeleka Burundi, ukiharibika njiani hasara ni yake, sasa unasema hujauza nini? Ulichobaki nacho siyo dagaa tena, ni deni, na deni ni mali yako kama dagaa walivyokuwa mali yako jana.

Alafu huyo huyo, wiki mbili baadaye hela ikisoma kwenye simu, anaandika "mauzo milioni moja." Hapa ndo huwa naweka kalamu chini. Siku hiyo hamna kilichouzwa, hamna hata dagaa mmoja aliyetoka stoo, kilichotokea ni deni limegeuka kuwa hela. Na wapo wanaoandika mara zote mbili, siku mzigo unatoka na siku hela inaingia, mzigo mmoja unauzwa mara mbili kwenye karatasi, mwisho wa mwaka anaenda kukadiriwa kodi na mauzo ambayo hajawahi kuyafanya alafu analalamika kodi kubwa.

Tuchukue mfano wa namba za kubuni. Dada ana kibanda Mwaloni, amechukua gunia kumi za dagaa kwa mtu wa Ukerewe kwa mali kauli, zote 1,100,000. Mwishoni mwa mwezi wa tano anaziuza zote kwa 1,500,000, mteja anaacha 500,000 mkononi, milioni inayobaki atailipa mwezi wa sita. Mauzo ya mwezi wa tano ni 1,500,000, manunuzi 1,100,000, faida ghafi 400,000. Mwezi wa sita kwa mzigo huu mauzo ni sifuri, manunuzi sifuri, kinachofanyika ni kupokea na kulipa madeni tu. Sasa yule anayehesabu hela iliyoingia ataona mwezi wa tano amepata laki tano safi, kwa sababu hata mtu wa Ukerewe hajamlipa kwa hiyo hajamwandika, basi anachukua laki mbili anaezeka choo cha kwa mama kijijini, na mwenye dagaa akipiga simu ndo anakumbuka kuwa ile hela ilikuwa na mwenyewe.

Kwenye vitabu inakaa hivi, kudebiti ni kuandika upande wa kushoto wa akaunti, kukrediti ni upande wa kulia. Siku ya kuuza kwa mkopo unadebiti akaunti ya mdaiwa, unakrediti mauzo. Siku akilipa unadebiti fedha, unakrediti mdaiwa, na akaunti ya mauzo huigusi kabisa. Kununua ni hivyo hivyo kwa upande wa pili: debiti manunuzi, krediti mdai, ukija kulipa debiti mdai, krediti fedha. Kila kitu pande mbili, siyo kitu cha chuo cha juzi, Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alichapisha maelezo ya utaratibu huu Venice mwaka 1494 na wafanyabiashara wa kule walikuwa wanautumia kabla yake, nao walikuwa wanakopeshana kama sisi. Mauzo ya taslimu yenyewe yanaenda daftari la fedha, yale ya mkopo ndo yana daftari lake, tarehe, jina, namba ya ankara, kiasi, basi. Na friza ulilokopa kwa ajili ya kuhifadhia sangara siyo "manunuzi," manunuzi ni bidhaa ya kuuza, friza ni kifaa, labda kama wewe biashara yako ni kuuza mafriza.

Wapo wanaonijibu kwamba asipolipa je, si bora nisubiri? Hapana, asipolipa mauzo hayafutiki, unaandika deni lililoshindikana kama gharama, ili uone kwa macho kuwa uliuza vizuri ila ulikopesha vibaya. Hayo ni magonjwa mawili, dawa zake tofauti. Na hata TRA, mamlaka ya mapato, hawasubiri, kwa aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida kodi inahesabika kwa kile kilichotangulia kati ya kutoa ankara, kupokea malipo na kukabidhi mzigo, kwa hiyo mzigo ukitoka na ankara usiwaambie hujauza.

Watu wa visiwa vya Ziwa Victoria ndo wangepaswa kuielewa hii haraka kuliko wote. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, ila wavuvi hawaachi kula, wanachukua unga, mafuta, sabuni kwa mwenye duka la kambi mpaka giza lirudi. Ukihesabu kwa hela iliyoingia, siku za mbalamwezi duka limekufa na siku za giza limefufuka, kumbe mzigo umetoka muda wote. Na geuza upande, tajiri wa samaki akikutangulizia hela ya mafuta ili umletee mzigo baadaye, hiyo nayo hujauza, tena hapo wewe ndo unadaiwa, sangara bado wako ziwani.

Kwa hiyo dada yangu wa Mwaloni, ile milioni iliyoingia jana usiiandike kwenye mauzo, uliyaandika mwezi uliopita mzigo ulipotoka. Tafuta ukurasa wa yule mteja, andika amelipa, piga mstari. Alafu mpigie mtu wa Ukerewe.