Bahari Haijengi Forodhani

Mazungumzo ya kupendezesha kingo za Bwawa la Hombolo hapa Dodoma hayamaliziki bila mtu kusema: "Tungekuwa na bahari, nasi tungekuwa na Forodhani yetu," yaani bustani ya ufukweni kama ile ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Nimechoka kuisikia kauli hii. Pwani yetu inaanzia Tanga hadi Mtwara, na sehemu kubwa haina hata benchi. Bahari peke yake haimpi mtu pa kutembea jioni.

Forodhani palikuwa mahali pa mizigo kabla ya kuwa bustani. Ilitengenezwa 1936, kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, ikachakaa, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2009. Promenade des Anglais ya Nice, Ufaransa, ilianza miaka ya 1820 kama njia ya miguu iliyolipiwa na Waingereza waliokwenda huko kukwepa baridi ya kwao, tena ufukwe wake ni kokoto tupu. Malecón, barabara ya ukingo wa bahari ya Havana, Kuba, ilianza 1901, ikafika mwisho 1952. Zote hizo ni fedha na mikono ya watu.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaodhani kazi yenyewe ni kupanga vitofali na kusimamisha taa. Kazi ni ukuta. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima linarudi chini na kuchimba mchanga kwenye msingi, kwa hiyo msingi ushuke chini ya kina hicho na uwekewe mawe makubwa mbele. Hilo mafundi wengi wanalijua. Wasilolitilia maanani ni nyuma ya ukuta. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakipanda, yanaingia kwenye kifusi. Yakishuka, yale ya ndani yanachelewa kutoka na kuusukuma ukuta kuelekea baharini. Ndiyo maana ukuta unahitaji matundu ya kutolea maji, na nyuma ya kila tundu kokoto na kitambaa cha kuchuja. Kitambaa kikikosekana, kila maji yakitoka yanaondoka na mchanga kidogo. Juu vitofali vinaonekana salama, chini pana pango. Dalili ya kwanza ni kitofali kimoja kilichobonyea kando ya ukuta na alama ya mchanga mbichi chini ya tundu. Ukiiona, usimwage mchanga wa kusawazisha. Fukua.

Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 75 upande wa maji, na mchanga wa ufukweni usiguse zege hilo. Chumvi huanza na nondo.

Kuna jambo bado linanipa shaka. Vitabu vinapendelea mteremko wa mawe kwa sababu unalimeza wimbi, na kwa upande wa wimbi viko sahihi. Lakini juu ya mawe hayo hakuna anayekaa. Ukuta wa Forodhani ndio unaowapa vijana wa makachu, mchezo wa kujirusha baharini kwa madoido, pa kurukia maji yakijaa, na watazamaji pa kukaa. Penye bahari ya wazi nachagua mawe, ila kwa nusu moyo. Penye utulivu, nipe ukuta, na ukingo wake wa juu uwe sentimita 45 kutoka sakafuni: huo tayari ni benchi. Ukipita mita moja, aliyekaa nyuma yake haoni kitu. Kivuli kipande mikungu. Mnazi ni mzuri kwenye picha, saa nane mchana hausaidii.

Sasa turudi kwetu. Bahari ikitoka, baada ya saa sita hivi imerudi. Bwawa likishuka, unasubiri masika. Maji ya Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, yamepangwa kucheza kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, na penye ardhi tambarare tofauti hiyo inayapeleka maji mbali sana. Ukiiga ukuta wa Forodhani kwenye mstari wa maji ya juu, mwezi wa Novemba watu watakuwa wanatazama matope yaliyopasuka. Tafuta upande wenye mteremko mkali, jenga ngazi pana za mawe zinazofunikwa na kufunuliwa, gati liwe la kuelea. Mtera ina mamba na viboko, kwa hiyo njia ya jioni ipite juu kabisa, yenye taa. Hombolo nako, kabla ya kuita mchoraji, pima mahali maji yanapoishia Novemba na yanapofika Aprili, uweke vigingi, kisha mikwaju ipandwe mvua za Desemba zikianza.