Je, aliyekosa kaburi atafufuka? Kwa nini Wakristo huzika wafu wao

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu waliokuwa ufukweni wakiiona. Kuna familia zilizopata miili ya watu wao zikazika. Nyingine zilisubiri, ziwa halikutoa kitu. Katika matanga ya namna hiyo lipo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: kama hakuzikwa, siku ya kiyama atatokea wapi? Nalo lina pacha wake: kama Mungu aweza kumfufua aliye chini ya Ziwa Kivu, kwa nini sisi tunajitesa na mtaimbo kuvunja jiwe la volkano ili tupate kaburi?

Kwa la kwanza, imani ya Kikristo haina mashaka. Kaburi si sharti la ufufuo. Ufunuo 20:13 husema, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake," na bahari hutajwa hapo kabla hata ya Mauti na Kuzimu. Wakristo wa kale walijaribiwa sana katika jambo hili. Mwaka 177, mjini Lyon katika Ufaransa ya leo, watesi waliwaua waumini, wakaiacha miili yao nje siku sita, kisha wakaichoma na kulitupa jivu katika mto Rhône. Walitaka hasa kuwaondolea Wakristo tumaini la kufufuka. Waliosalia waliwaandikia ndugu zao wa Asia, jimbo lililo katika Uturuki ya leo, barua iliyohifadhiwa mpaka leo. Ndani yake wanakiri kwamba waliumia sana kwa kukosa kuwazika wenzao, lakini imani yao haikuyumba. Mimi naishika sana barua hiyo, kwa kuwa inaruhusu yote mawili: kulia kwa kukosa mwili, na kuamini kwamba mwenye mwili huo hakupotea.

Sasa lile swali pacha: kwa nini tunazika? Wakristo huzika kwanza kwa sababu Bwana wao alizikwa. Kanuni ya imani ni fupi, ila neno "akazikwa" halikuachwa nje. Yusufu wa Arimathaya alitoa kaburi lake mwenyewe, Nikodemo akaleta manemane na udi yapata ratli mia. Hawakujua kwamba siku ya tatu kaburi litakuwa tupu. Walimtendea heshima maiti aliyehukumiwa kama mhalifu. Tena, mwili si kitu cha kutupa roho ikishatoka. Ndio uliomwagiwa maji ya ubatizo, ukapokea mkate wa Bwana, ukalea watoto, ukachoka kwa kazi. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliutazama kama mbegu: "Hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika."

Anayejua makaburi ya Goma anajua kupanda huko kulivyo kugumu. Mtaimbo unagonga mwamba mweusi, cheche zinaruka, vijana wanapokezana, na baada ya saa nyingi shimo bado halijafika kiunoni. Hata kinachomwagwa juu ya jeneza mara nyingi ni changarawe, inayogonga mbao kwa kelele. Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kandokando ya mji, mwamba huo uliwashinda watu, ikabidi mashine za askari wa Ufaransa zichimbe makaburi ya pamoja.

Kuzika kumekuwa pia kazi ya kanisa zima, si ya familia peke yake. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, mwishoni mwa karne ya pili, aliandika kwamba kila mwezi waumini walichanga kwa hiari, na fedha hizo zililisha maskini na kuwazika. Ukiona leo mama wa shirika anapita nyumba kwa nyumba na daftari akikusanya mchango wa kilio, ujue desturi hiyo ni ya kale mno. Kaisari Juliano wa Roma, aliyeichukia imani hii, alilalamika mwaka 362 kwamba miongoni mwa yaliyoikuza ni ukarimu kwa wageni na uangalifu katika kuzika wafu.

Kuchoma maiti, ambako huku kwetu si desturi, Kanisa Katoliki lilikuruhusu mwaka 1963, mradi isiwe kwa kuukana ufufuo.

Wako pia waliokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru, wakalazimika kuzika wazazi mbali na makaburi ya ukoo. Hilo linauma kwa namna yake. Monika, mama wa Mtakatifu Augustino, alikuwa ametayarisha kaburi kando ya mumewe huko Afrika Kaskazini, lakini mwaka 387 mauti ilimkuta Ostia, Italia. Alipoulizwa kama haogopi kuuacha mwili wake mbali na kwao, alijibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, wala haogopi kwamba mwisho wa dunia Mungu hatajua pa kumfufulia. Alichoomba ni kukumbukwa altareni.

Basi familia isiyopata mwili haina sababu ya kungoja miaka bila ibada. Misa ya kuwaombea marehemu huadhimishwa hata bila jeneza, na mchungaji aweza kuongoza sala mbele ya picha. Mwombeni padri au mchungaji wenu jina lisomwe, kwaya iimbe, na msalaba wenye jina hilo usimamishwe pale walipolala ndugu zake.