Sewanee 1899: hawakupoteza mechi, lakini walifungwa pointi

Hii stori ya Sewanee inarudiwa sana, kwamba mwaka 1899 kachuo kadogo ka Tennessee, Marekani, kalipiga mechi tano siku tano mfululizo ugenini na msimu mzima hakuna aliyewafunga hata pointi moja. Nusu yake ni kweli na hiyo nusu inatosha kabisa kushangaza.

Kwanza tuelewane, ni ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia na mpira mkononi, sio soka. Jamaa walipanda treni, safari ya kama kilomita 4,000 kwenda na kurudi, Novemba 9 wakaipiga Texas (wapinzani wote nao ni timu za vyuo) 12-0, kesho yake Texas A&M 10-0, tarehe 11 Tulane 23-0, afu tarehe 12 ilikuwa Jumapili, hawakucheza, tarehe 13 wakaichapa LSU 34-0 na tarehe 14 Ole Miss 12-0. Kwa hiyo ni mechi tano ndani ya siku sita, na zote tano hawakufungwa. Hapo ndipo watu wanapochanganya, manake sifa ya safari wameibandika msimu mzima.

Novemba 30 kule Montgomery walikutana na Auburn ya kocha John Heisman, ndio huyo huyo ambaye tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa mpira huu vyuoni ina jina lake, na Auburn wakawafunga pointi 10. Sewanee wakaponea chupuchupu 11-10. Siku mbili baadae wakaifunga North Carolina 5-0, wakamaliza mechi 12 bila kupoteza.