Je, wajua kwa nini chakula halisi cha Jamaika hutafutwa kwa kalenda?

Mgeni anaweza kulala Jamaika siku saba, akala mara tatu kwa siku, kisha akapanda ndege kurudi kwao bila kuonja wanachokula Wajamaika wenyewe. Si uchoyo wa wenyeji. Hoteli nyingi za Montego Bay, Negril na Ocho Rios huuza kila kitu kwa pamoja: chumba, vinywaji na milo yote, na unalipa kabla hujafunga begi. Ukishalipia meza inayojazwa asubuhi mpaka usiku, nani atakutoa getini ukanunue samaki? Naye mpishi wa hoteli anapikia mamia ya watu wa mataifa mbalimbali. Pilipili anaipunguza, mifupa anaiondoa, na supu ya kichwa cha mbuzi haiandiki kabisa.

Ukitoka getini unaulizia mgahawa mzuri uko wapi. Hapo ndipo wengi wanapotea. Jamaika, swali linalokufikisha kwenye chakula ni hili: leo siku gani, na uko barabara gani?

Jumapili nyumba nyingi hunukia tui. Kinachopikwa ni wali wa maharage, wao huuita rice and peas. Maharage mekundu huchemshwa mpaka maji yageuke rangi, ndipo linapoingia tui, kitunguu cha majani, thaimu, na pilipili moja nzima ya duara iliyokunjamana kama kofia. Pilipili hiyo haipasuliwi. Inaachwa iogelee juu itoe harufu. Ikipasuka, sufuria nzima imeharibika. Ni jamii moja na pilipili mbuzi, kwa hiyo msomaji wa Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Ikifika Desemba maharage huwekwa kando, zikaingia mbaazi mbichi, maana huo ndio msimu wake. Wao huziita gungo.

Jumamosi ni siku ya usafi wa nyumba na ya kwenda sokoni, hakuna wa kusimamia sufuria tatu. Inabandikwa moja tu: nyama, boga, viazi vikuu na vidonge vya unga, vyote humo humo mpaka supu iwe nzito. Vibanda vya chakula navyo hufuata desturi ya nyumbani. Ijumaa jioni, mshahara ukiwa mfukoni, mapipa ya chuma yaliyopasuliwa kati hutolewa kando ya barabara, makaa yanawashwa, na kuku anachomwa hadi usiku wa manane. Red Hills Road jijini Kingston ina sifa ya miaka mingi kwa kuku wa aina hiyo. Ukiufuata mtaa huohuo Jumanne mchana utashangaa umesifiwa kwa lipi.

Asubuhi ina habari yake. Chakula cha taifa ni ackee na samaki wa chumvi, na vyote viwili vilitoka mbali. Ackee ni tunda la Afrika Magharibi lililofika kisiwani karne ya 18, zama za biashara ya utumwa. Samaki ni chewa wa bahari baridi, cod kwa Kiingereza, aliyekaushwa kwa chumvi huko Amerika Kaskazini, akaletwa kwa meli kwa sababu alikuwa nyama rahisi ya kulisha watumwa wa mashamba ya miwa. Ackee ikipikwa hufanana na mayai ya kuvuruga, laini na yenye mafuta. Lakini tunda bichi lina sumu inayoweza kuua, na haliruhusiwi kulazimishwa: mpaka lijipasue lenyewe mtini na kuonyesha mbegu zake nyeusi. Kwa ajili ya sumu hiyo Marekani ilipiga marufuku kuliingiza mwaka 1973, ikalegeza mwaka 2000 kwa lile la makopo lililokaguliwa.

Pembeni ya sahani hiyo utaona vitu unavyovijua. Callaloo, ambayo wageni huipiga picha kwa mshangao, huko Jamaika ni mchicha. Na kuna shelisheli, lililochomwa zima motoni mpaka ganda likawa jeusi. Nahodha William Bligh ndiye aliyeyafikisha mashelisheli Jamaika mwaka 1793, akiyatoa Tahiti, ili wenye mashamba wapate chakula cha bei ndogo cha kuwapa watumwa. Safari yake ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka 1789 mabaharia wa meli yake, Bounty, walipoasi, wakamwacha baharini kwenye mashua na kuitupa miche yote.

Sasa barabara. Vituo vya chakula vya Jamaika kila kimoja kimeshikilia kitu chake, na sababu ni rahisi: malighafi iko hapo hapo. Melrose Hill, mkoani Manchester, huuzwa kiazi kikuu cha kuchoma na samaki wa chumvi, kwa kuwa vilima vya katikati ya kisiwa ndiko viazi vikuu vinakostawi. Middle Quarters, mkoani St Elizabeth, kuna mto na mabwawa, basi akina mama hukimbilia magari wakiwa na mifuko ya kamba wa mtoni, wekundu, wenye pilipili ya kutoa machozi. Upande huo uliumizwa vibaya na kimbunga Melissa cha tarehe 28 Oktoba 2025, kwa hiyo dereva aulizwe kwanza kama wauzaji wamerudi. Hellshire, karibu na Kingston, unachagua samaki mwenyewe kwenye sanduku la barafu, anapimwa, anakaangwa na kumwagiwa siki yenye vitunguu na karoti. Bei ulizia kabla hajaingia kwenye mafuta. Huliwa na bammy, mkate wa muhogo uliokunwa na kukamuliwa, urithi wa Wataino waliokuwa kisiwani kabla ya Wazungu.

Boston Bay, pwani ya mashariki, ndiyo makao ya jerk, nyama ya viungo inayochomwa kwa moshi. Dunia nzima sasa inauza mchuzi wa chupa wenye jina hilo, na kwa maoni yangu kilichomo si jerk, maana nusu ya ladha ni kuni. Nyama ya nguruwe au kuku hulazwa juu ya vijiti vibichi vya mti wa pimento, ikafunikwa kwa bati, ikaachwa ipikike polepole kwa moshi. Pimento ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, na punje zake zikisagwa hunukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Ustadi huu unahusishwa na Wamaroon, waliotoroka utumwa wakajificha milimani mpaka Waingereza wakalazimika kutia saini nao mikataba mwaka 1739. Husimuliwa kwamba walichomea nyama ndani ya mashimo ili moshi usiwafichue.

Ukiwa huna gari wala siku ya kuzurura, tafuta cookshop, kibanda cha chakula cha mchana. Hakina jina kubwa. Kina dirisha, mama nyuma yake, na ubao wa chaki: mkia wa ng'ombe, mbuzi wa bizari, kuku wa mchuzi mweusi. Mbuzi huyo ana mkono wa Wahindi, walioanza kuletwa kwa mikataba ya kazi mwaka 1845. Simama nyuma ya madereva wa teksi na mafundi wenye vumbi la saruji. Kila sufuria inapokwisha, mama anachukua kitambaa na kufuta mstari mmoja ubaoni. Mkia wa ng'ombe mara nyingi ndio wa kwanza kufutwa, kwa hiyo ukiutaka, wahi kabla ya saa saba.