Je, wajua? Mlima Kenya huwa na kiangazi upande mmoja na kipupwe upande wa pili, siku hiyo hiyo

Muulize mwongozaji wa Mlima Kenya ni mwezi gani unafaa kupanda Batian, kilele kirefu kuliko vyote mlimani humo, naye atakuuliza kwanza: kwa njia ipi? Ukisema ukuta wa kaskazini, atakutajia Juni hadi mapema Oktoba. Ukisema unataka kuanzia kusini-mashariki kupitia Nelion, atakuambia usubiri mwisho wa Desemba, Januari au Februari. Mlima ni mmoja, na vilele hivi viwili vimetenganishwa na pengo jembamba tu liitwalo Lango la Ukungu. Kwa nini basi kalenda zipishane kwa nusu mwaka?

Wengi hujibu haraka kuwa ni mvua. Mvua ina nafasi yake, kwani masika na vuli huharibu safari upande wowote. Lakini Januari na Julai zote huangukia nje ya masika na vuli. Kama mvua peke yake ndiyo ingeamua, kila njia ingefaa katika miezi yote miwili.

Kinachowapoteza watu ni lile somo la darasani kwamba kwenye ikweta jua liko utosini mwaka mzima, kwa hiyo hakuna majira ya joto wala ya baridi. Nusu ya somo hilo ni kweli. Joto la hewa mlimani hubadilika kidogo sana kati ya Januari na Julai. Tofauti ya adhuhuri na alfajiri ya siku moja ni kubwa kuliko hiyo. Nusu ya pili si kweli. Kwenye ikweta jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu na 21 Machi na 23 Septemba. Baada ya Machi huhamia kaskazini, na kufikia 21 Juni saa sita mchana huwa limeegemea huko kwa nyuzi 23.4. Desemba huegemea kusini kwa kiasi hicho hicho.

Chukua nyumba iliyoko Nanyuki, mji ulio juu ya ikweta yenyewe, yenye ukuta mmoja unaotazama kaskazini na mwingine kusini. Mwezi Juni jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, hupita upande wa kaskazini wa anga, kisha huzama kaskazini kidogo ya magharibi. Hakuna saa hata moja linapovuka kwenda kusini. Nguo zilizoanikwa kwenye ukuta wa kaskazini hupigwa na jua kutwa. Zile za ukuta wa kusini hukaa kivulini tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake hivyo hivyo, hadi Septemba. Hewa inayozizunguka ni ile ile, lakini jua halizifikii nguo zilizo upande huo. Ifikapo Desemba kuta hubadilishana zamu.

Sasa uchukue ukuta huo, uufanye wa mwamba wenye urefu wa mamia ya mita, uupandishe karibu na mita 5,000, mahali ambapo kila usiku maji huganda. Upande wenye jua, theluji ya usiku huyeyuka na mwamba hukauka. Upande wa kivuli, maji yaliyoingia kwenye ufa huganda na kubaki. Mpandaji anayetia vidole katika ufa huo hukuta barafu angavu, nyembamba, imeziba pale pale alipotegemea kushika. Kilele cha Batian kiko takriban kilomita 17 tu kusini mwa ikweta, ndiyo maana zamu za kuta zake zinakaribia kulingana kabisa. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu mlima huu.

Historia ya mlima inakubaliana na jua. Halford Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel walifika Batian (mita 5,199) Septemba 1899, wakipitia upande wa kusini, uliokuwa ukitoka kwenye miezi yake ya kivuli. Barafu waliyoikata ili kupata pa kukanyaga ilikuwa ngumu kiasi kwamba barafu hiyo ikaitwa Diamond, yaani almasi. Eric Shipton na Wyn Harris walipanda Nelion (mita 5,188) Januari 1929, ukuta wa kusini-mashariki ukiwa kwenye jua. Njia ya ukuta wa kaskazini ilifunguliwa na Arthur Firmin na Peter Hicks mwaka 1944, mwezi Julai.

Kanuni hii ina mipaka. Haimhusu sana anayekwenda kilele cha Lenana (mita 4,985) kwa miguu, awe amepitia njia ya Sirimon, Naro Moru au Chogoria. Huyo aangalie masika na vuli tu. Pia mawingu hupanda mlimani karibu kila siku kabla au baada ya adhuhuri, hivyo kuta zinazotazama mashariki hupata jua la asubuhi ambalo zile za magharibi hulikosa. Ndiyo maana wanaopanda Nelion huanza alfajiri.

Wapo wanaotafuta kivuli kwa makusudi. Diamond Couloir, mfereji wa barafu uliopandwa kwa mara ya kwanza na Phil Snyder na Thumbi Mathenge mwaka 1973, uko upande wa kusini na hupandwa katika miezi ambayo ukuta huo hauoni jua. Lakini barafu ya mlima inakwisha: barafu iitwayo Lewis, mojawapo ya zile za mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Sehemu ya chini ya mfereji nayo imekonda, na siku hizi hata Agosti mpandaji anaweza kufika chini yake akakuta mwamba mtupu.